Simu ya Nyamrerwa

Wengi waliomfahamu wanamkumbuka kwa mikono yake, kwa sababu ndiyo iliyowapokea watoto wao. Mimi namkumbuka kwa namna alivyouliza maswali. Aliuliza mara moja, akakutazama mdomoni akingoja. Jibu likimridhisha hakukushukuru wala kutikisa kichwa; aliondoka akaenda kulifanyia kazi. Lisipomridhisha alibaki amesimama palepale mpaka utafute jingine.

Mashimoni, mtaa wetu ndani ya Kibera, tulimwita Nyamrerwa, yaani mkunga kwa Kijaluo. Hata sisi tuliotoka Machakos na Kitui tulimwita hivyo, na vijana walimwita Dani, kama wanavyowaita nyanya zao. Jina lake la ubatizo nililisikia mara moja tu, na sitaliandika hapa kwa sababu yeye mwenyewe hakulipenda.

Mimi nilikuwa fundi wa betri. Nilikuwa nikilala Mashimoni, ukuta mmoja wa udongo kati yangu na yeye, na nikifanya kazi Kawangware, upande unaoelekea mtaa wa Satellite, ambako stima ilikuwepo. Kwetu Kibera stima ilikuwa ya wachache. Aliyetaka kutazama televisheni aliiunganisha na betri ya gari, na betri ikiisha moto, yaani chaji, niliifunga kwenye keria ya baiskeli asubuhi, nikaichaji kutwa, nikamrudishia jioni. Suruali zangu zote zilikuwa na matundu ya asidi. Nyamrerwa alikuwa akiniambia nitafika siku ya harusi sina suruali nzima hata moja, na kwa kweli ilibidi niazime.

Simu ilimfikia miaka ya tisini ikielekea mwisho. Kabla ya hapo, mama akizidiwa wakati wa kuzaa, mtu alitumwa kwa miguu hadi kliniki moja ya misheni upande wa Kawangware kuita gari. Wengine walifika kwa wakati, wengine gari lilikuja likakuta watu wamekaa nje kimya. Daktari wa kliniki hiyo alipopata simu za mkono zilizokwisha kutumika na wengine, nzito kama tofali, moja alimpa Nyamrerwa. Akamwonyesha vibonyezo, akampa na waya wa kuchajia ndani ya gari. Gari hakuwa nalo, lakini alikuwa na betri kuukuu chini ya kitanda. Ndiyo maana alinijia siku hiyohiyo, simu imeviringishwa kwenye nepi nyeupe.

"Fundi, hii kitu nimepewa asubuhi ikiwa imejaa. Sijaongea na mtu. Sasa inalia pii-pii, inasema imeisha. Ni nani ameongea nayo?"

"Hakuna mtu, mama. Inakula moto hata ikinyamaza."

"Inakula ikifanya nini?"

Nikamweleza nilivyojua, na sikujua mengi. Kwamba simu ikiwa imewashwa haikai bure. Kila baada ya muda inauambia mnara, niko hapa. Kwamba ukiongea nayo inakula moto mara nyingi zaidi, maana inabidi itume sauti yako mfululizo. Na kwamba huku kwetu bondeni, mnara ukiwa mbali, inahangaika kuutafuta, na kule kuhangaika nako ni kula.

Hakuondoka. "Kwa hivyo hapa nyumbani inakufa kwa kutafuta?"

"Ndiyo."

"Na nikipanda relini?"

Sikujua. Tukapanda pamoja mpaka kwenye reli, pale juu ambapo mabati yote ya Kibera unayaona kwa chini, tukaiwasha. Ile michoro ya kuonyesha nguvu ya mnara ikapanda. Kwa wiki kadhaa tuliijaribu, siku moja juu, siku moja chini, siku moja akiongea na dereva wa kliniki, siku nyingine ikiwa kimya tu. Nilikata ncha ya ule waya, nikafunga klipu mbili za kushikia betri. Mwishowe akaweka sheria yake mwenyewe: chini ya bonde simu haiwashwi. Kukiwa na shida, yeye mwenyewe anapanda nayo relini, anaiwasha, anasema, anaizima.

Akafupisha hata maneno. Nilimsikia kupitia ukutani akijifunza kusema, kama mtoto anayekariri mistari ya Biblia: "Nyamrerwa. Mashimoni. Damu. Njoo." Halafu: "Nyamrerwa. Mashimoni. Mtoto amelala vibaya. Njoo." Dereva wa kliniki alikuwa mtu wa adabu, alipenda kuanza na habari ya asubuhi. Nyamrerwa alimkatiza: "Salamu utanipa ukifika."

Ungemjua kwa simu tu ungesema ni mwanamke asiyependa watu. Kumbe barabarani alikuwa balaa. Kutoka mlangoni kwake hadi kwenye kibanda cha maji ni mwendo mfupi, lakini yeye angeweza kutumia nusu ya asubuhi, kwa sababu alimsimamisha kila mtu. Alikuuliza habari za mama yako huko kwenu, kama mguu wake umepona, kama yule ng'ombe amezaa, na kesho yake alikuuliza ndama anaendeleaje. Mitungi ilijaa maji ikamwagika, foleni ikapiga kelele, naye bado anauliza.

Alikuwa na mambo mengi ya namna hiyo, yasiyopatana. Damu haikumtisha, lakini radi ikipiga alijifunika shuka kichwani hata kama kuna wageni. Alikuwa mtu wa sala, kanisani kwao alivaa kitambaa cheupe na kuimba mpaka jasho limtoke, lakini kwenye nyumba yenye mama anayezaa hakutaka mtu aombe kwa sauti. "Ombeni kwa ndani," alisema, "hapa nje kuna kazi." Waume hakuwaruhusu kwenda kungoja baa. Aliwafanya wachemshe maji na kushika taa, na mwanamume mzima anayebeba mawe ya mjengo kutwa ungemwona ameshika karai, anangoja aambiwe aliweke wapi.

Hakuwahi kumwambia mama mwenye uchungu asiogope. "Ogopa kidogo," alimwambia, "lakini sukuma."

Watu waliposikia kuna simu Mashimoni, walianza kuja. Huyu anataka kumpigia kaka yake Mombasa, yule ameahidiwa kazi. Mzee mmoja wa kanisa lake alikuja Jumapili na koti lake jeusi, akitaka kuwapigia wakwe zake juu ya mambo ya mahari. Nilikuwepo, nikiunganisha betri. Nyamrerwa alimpa kiti kizuri, akamwandalia chai na mandazi, wakaongea habari za nyumbani ziwani mpaka chai ikapoa, wakacheka sana. Mzee akakohoa, akagusia tena simu.

"Kiti nimekupa," Nyamrerwa akasema. "Chai nimekupa. Ukitaka kuku, nitamchinja sasa hivi. Lakini hiyo moto si yangu."

"Ni dakika moja tu, dada."

"Hiyo dakika kuna mama anaihitaji."

"Mama gani?"

"Simjui bado."

Mzee alivaa kofia akaondoka, na kwa muda mrefu alipita mlangoni kwake bila kugeuza uso. Lililonishangaza ni kwamba Nyamrerwa mwenyewe hakuwahi kuitumia simu kwa mambo yake. Mama yake mzazi alikuwa hai, mzee sana, akiishi na kaka yake Nyamrerwa huko Nyanza. Kaka alipewa namba ya simu kwa ajili ya dharura, lakini Nyamrerwa hakuwapigia. Akitaka habari za nyumbani aliandika barua au alimngoja mtu anayetoka huko kwa basi.

Kisha ukaja mwaka mvua ilipokataa na stima ikawa ya mgao. Kule Kawangware nilikuwa nikikaa na betri za watu zimepangwa kibandani kama wagonjwa, hakuna cha kufanya. Ile ya Nyamrerwa ilikuwa miongoni mwa hizo. Simu yake ilibaki na moto kidogo sana, na alikuwa ameizima.

Mchana mmoja, kwa kuwa sikuwa na kazi, nilikuwa nimelala nyumbani. Nikasikia ukuta unagongwa.

"Fundi! Uko?"

Aliyekuwa akizaa ni Akinyi, mke wa jirani yetu mmoja, uzazi wake wa kwanza. Alikuwa ameletwa kwa Nyamrerwa tangu asubuhi, na mumewe alikuwa kwenye mjengo mbali. Nilipofika mlangoni sikuruhusiwa kuingia. Pazia lilisogea, mkono mmoja ukatoka na ile nepi nyeupe. Mkono huo ulikuwa na damu hadi kwenye kiwiko. Alikuwa amepangusa vidole tu.

"Mtoto ametoka mzima," alisema nyuma ya pazia, sauti yake ya kawaida kabisa. "Kondo limekataa na damu haisimami. Mimi siwezi kutoka. Panda relini. Usiwashe hapa, itakufa ikitafuta. Washa juu. Sema vile mimi husema."

Hakuwahi kumpa mtu yeyote simu hiyo aibebe. Nikaishika kwa mikono miwili.

"Ikikatika?"

"Isikatike kabla hujasema Mashimoni."

Nikakimbia. Vijana waliokaa kwenye kona wakaniita, "Fundi, niaje, nani anakufukuza?" na sikuwajibu. Juu relini kina mama walikuwa wametandaza nyanya na omena, wale dagaa wa ziwani, kando ya vyuma. Nikasimama katikati yao, nikaiwasha, nikangoja ile michoro ije. Ikaja. Nikapiga. Simu ikalia kule kliniki, ikaendelea kulia, halafu akashika mtu nisiyemjua sauti.

"Haloo, habari ya mchana?"

"Nyamrerwa. Mashimoni. Damu. Kondo halijatoka. Njoo."

"Wewe ni nani? Nyamrerwa mwenyewe yuko—"

Ikalia pii, ikawa giza. Nikabonyeza kila mahali. Mama mmoja wa nyanya akaniuliza, "Wamesikia?" Nikamwambia sijui, na ndivyo ilivyokuwa. Sikujua kama nishuke au nichukue baiskeli nikimbilie Kawangware. Nikashuka kumwambia, kwa sababu yeye ndiye angejua la kufanya.

"Nimesema, halafu ikazima."

"Ulisema Mashimoni?"

"Nilisema."

"Basi ng'oa mlango."

Tukaung'oa mlango wake wa mbao kwenye bawaba, tukaweka godoro juu, tukamlaza Akinyi. Pamoja na majirani tulikuwa wanaume wanne, na mwanamke mmoja akimbeba mtoto. Vichochoro vyetu ni vyembamba. Kuna mahali ilibidi tuuinamishe mlango ubavu, na Nyamrerwa alipita hapo akitembea kinyumenyume, mkono wake mmoja ukilikandamiza tumbo la Akinyi, hakuuondoa hata mara moja. Alikuwa akimsemesha kwa Kijaluo bila kupumua. Sikuelewa maneno yote. Nilisikia majina ya watu, na mifugo, na jina la mto. Nadhani alikuwa akimuuliza habari za nyumbani, moja baada ya nyingine, ili ajibu.

Pale barabara inapoishia hapakuwa na gari. Tuliuweka mlango chini juani. Watu wakakusanyika, mmoja akaanza kuomba kwa sauti na Nyamrerwa akamtazama tu, yule mtu akaacha. Akinyi aliacha kujibu. Nyamrerwa akaendelea kumuuliza. Kisha tukasikia honi, na gari la kliniki likateremka kwa kasi, dereva hata hajafunga vifungo vya shati. Kule kliniki walikuwa wameshika maneno matatu tu, Nyamrerwa, Mashimoni na damu, na hayo yakawatosha.

Akinyi aliongezewa damu hospitalini, akapona.

Simu ilibaki imekufa. Stima Kawangware ilirudi kwa saa chache, ikapotea, ikarudi tena, na kila iliporudi niliiweka betri ya Nyamrerwa mbele ya zote. Ilipojaa nilimletea, na akaichaji simu, akaiviringisha kwenye nepi safi, akairudisha mahali pake. Siku chache baadaye akaja mwanamume kutoka kwao, ameshuka basi asubuhi, viatu vina vumbi jekundu. Alikaa kwenye kiti akaomba maji kwanza. Nikaelewa kabla hajaanza kusema.

Mama yake Nyamrerwa alikuwa ameugua siku ileile tuliyombeba Akinyi. Kaka yake alikwenda posta ya sokoni akapiga namba aliyopewa. Akapiga tena, na kesho yake akapiga tena. Mama alikuwa akimtaja binti yake, akiuliza ameshapanda basi au bado. Wakamwambia yuko njiani. Alifariki akiamini hivyo.

Nyamrerwa alisafiri kwenda kuzika. Alipokuwa huko, maneno yakaanza huku. Mtu mmoja alisema, mwingine akarudia, kwamba moto wa mwisho wa ile simu ulitumika kwa Akinyi, kwamba kama si yeye binti angemuaga mama yake. Hayakuwa na ukweli, kwa sababu simu bondeni ilikuwa ikizimwa kila siku, moto uwepo au usiwepo. Lakini yalimfikia Akinyi. Mumewe aliniambia mkewe amekataa kula na hataki kutoka nje, na mtoto analia kwa kuwa maziwa yamepungua.

Nyamrerwa alirudi akiwa amenyolewa nywele. Nilimweleza, maana nilijua angeuliza. Kesho yake asubuhi, watu wakiwa kwenye foleni ya maji, alichukua kigoda chake akakibeba hadi mlangoni kwa Akinyi, akabisha, akaomba apewe mtoto. Akakaa naye nje hapo mlangoni, mahali kila anayepita lazima ampite. Alikaa asubuhi nzima. Kila aliyepita alimsimamisha: "Umemsalimu huyu? Njoo umsalimu." Na mtu aliinama, akamshika mtoto kidole. Wale waliosema waliinama pia. Mwishowe Akinyi akatoka, macho yamevimba, akapiga magoti akataka kuomba msamaha.

"Simama," Nyamrerwa akamwambia. "Mtoto ana njaa."

Kuhusu mama yake aliongea nami mara moja tu, nikiwa chini ya kitanda nafunga klipu. Alisema, "Sikuizima kwa uchoyo, fundi. Niliizima kwa sababu ya watoto wa watu." Nikasema najua. Akaikunja nepi. "Lakini hata mama yangu alikuwa mtu," akasema.

Tangu hapo, stima ilipotengemaa, alibadilisha sheria. Kila siku jua likianza kupungua makali alipanda relini na simu yake, akaiwasha, akasimama nayo kwa muda bila kumpigia mtu. Alikuwa amewaandikia wote wa nyumbani na kuwaambia kliniki kwamba wakati huo anapatikana. Niliwahi kumweleza kwamba huko ni kula moto bure, siku nyingi hakuna atakayepiga.

"Najua inakula," alijibu. "Wacha ikule."

Watu wapya walimwona pale kati ya nyanya na omena, mwanamke mzee amesimama na kitu kikubwa cheusi mkononi, wakadhani labda akili imeguswa. Mara chache simu ililia. Nyingine ilikuwa kliniki ikiuliza habari ya mgonjwa, nyingine kaka yake akimwambia mahindi yameharibika. Aliwajibu kwa maneno machache, akashuka.

Mikono ilipoanza kumtetemeka aliacha kazi mwenyewe, kabla hajaambiwa na mtu. Kliniki ikamleta Mwikali, msichana wa Kitui aliyesomea ukunga, na Nyamrerwa akazunguka naye nyumba kwa nyumba miezi kadhaa akimwonyesha nani ana mimba, nani ana presha, mume gani anakimbia. Akampa simu, betri, waya, na nepi, na ile saa ya kusimama relini.

Wakati huo nilikuwa nimeoa na kuhamia Satellite, kibanda changu kikiwa karibu na nyumba. Mara ya mwisho nilipomwona alinikuta hapo, amevaa gauni la safari, na mzigo umefungwa kwa shuka. Alikuwa anarudi kwao moja kwa moja. Mke wangu alimletea chai, naye Nyamrerwa akamuuliza habari za watu wote wa kwao Machakos, hata wa mbali. Ilipofika saa ya kuondoka akanigeukia.

"Una shilingi za simu?"

Kulikuwa na kibanda cha simu ya sarafu karibu na maduka. Nikambebea mzigo tukaenda. Nilidhani anataka kumwarifu kaka yake aje kumpokea. Akanitajia namba, na nilipoanza kuibonyeza nikatambua ni ile ya Mashimoni. Jua lilikuwa limeanza kupungua makali. Nikamwekea mkono wa simu sikioni, nikabaki karibu hata mimi nikasikia.

Ililia mara moja tu.

"Haloo? Nani anazaa?" Ilikuwa sauti ya Mwikali, anahema.

Nikangoja amsalimie.

"Hakuna mtu anazaa," akasema. "Kata simu, usimalize moto."

"Dani? Ni wewe? Umeshafika—"

Akaurudisha mkono wa simu mahali pake, mwenyewe, polepole, mpaka ukashika. Alibaki ameuwekea kiganja juu.

"Ameshika haraka," akaniambia.

Kijana mmoja aliyekuwa akingoja nyuma yetu, sarafu mkononi, akauliza kama tumemaliza.

"Tumemaliza," Nyamrerwa akamjibu, akampisha.